MTOTO JUU YA BAISKELI: KUTOKA NJIA ZA WEMA HADI MATEMBEZI YA MALINDI

Walengwa: Kina mama na walezi wa watoto wadogo
Ujumbe mkuu: Kabla gurudumu halijazunguka, ujue mguu wa mtoto uko wapi.

(Muziki wa kufungulia, kisha upunguzwe taratibu)

Ikiwa uko Wema, Hewani, Ngao, Garsen au kijiji kingine chochote cha Tana Delta, ikiwa unapeta mchele au unamnyonyesha mtoto chini ya mwembe, sogea karibu na redio. Mwite na jirani yako. Leo tunazungumza juu ya chombo ambacho kiko karibu kila boma, lakini ni mara chache tunakizungumzia kliniki. Chombo hicho ni baiskeli.

Kwa nini tuzungumze juu ya baiskeli?

Huku kwetu baiskeli hupita pale ambapo gari halipiti. Hubeba mpunga kutoka shambani, hubeba maembe na samaki kwenda soko la Garsen, na hubeba mtoto kwenda kupata chanjo. Mto Tana ukifurika, kama ulivyofurika kwa mvua za El Niño mwishoni mwa mwaka wa 2023, tunategemea mitumbwi. Maji yakishuka na njia ikiwa bado ni tope, baiskeli huwa miongoni mwa vyombo vya kwanza kurudi njiani.

Hata jina bodaboda, ambalo siku hizi tunalitumia kwa pikipiki, lilianza na baiskeli. Miaka ya 1960, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda upande wa Busia, vijana walikuwa wakibeba watu kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka wa nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili. Kutoka mpaka hadi mpaka, ndiyo hiyo bodaboda.

Sasa shule zikifungwa, familia nyingi za huku huwapeleka watoto kwa jamaa mijini, hasa Malindi. Mtoto akifika mjini anataka kuona kila kitu. Kwa kuwa sehemu za kale za Malindi haziko mbalimbali, kuzizunguka kwa baiskeli mkiongozwa na mwenyeji anayejua njia ni matembezi mazuri ya asubuhi moja. Mtoto hujifunza historia, hunyoosha viungo, na mama pia hupumzika na kazi za nyumbani.

Lakini matembezi hayo yanaweza kuishia hospitalini kwa sababu moja ambayo ni rahisi kuikinga. Sababu hiyo ni mguu wa mtoto kuingia kwenye gurudumu.

Mguu hunaswa namna gani?

Wewe mama unaijua baiskeli ya kawaida. Nyuma ina keria ya chuma, na chini ya keria kuna gurudumu lenye zile waya nyembamba ambazo mafundi huziita spoku. Mtu mzima akikaa kwenye keria, miguu yake huning'inia chini au huikunjua pembeni, na ana akili ya kuiweka mbali. Mtoto mdogo miguu yake ni mifupi. Visigino vyake huning'inia palepale pembeni mwa spoku. Akichoka, akisinzia, au akigeuka kutazama ng'ombe njiani, mguu huingia ndani.

Gurudumu haliachi mguu mara moja. Kwanza spoku hukata ngozi. Kisha gurudumu huuvuta mguu mpaka ubanwe kati ya spoku na chuma cha fremu. Halafu, kwa sababu baiskeli bado inakwenda, ngozi husuguliwa na kuvutwa. Ndiyo maana jeraha hili si kama kukatwa na kisu. Mguu umekatwa, umebanwa na umesagwa kwa wakati mmoja. Mahali panapoumia zaidi ni kisigino, kifundo cha mguu, na ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino unaotuwezesha kutembea na kukimbia.

Watoto wengi wanaoumia hivi ni wa umri wa kati ya miaka 2 na 8. Ni wale ambao wameshakuwa wakubwa wa kuachwa wakae peke yao kwenye keria, lakini bado ni wadogo wa kukumbuka kupanua miguu safari nzima. Mama, usiseme, "Nimemwambia apanue miguu." Mtoto wa miaka minne husahau kabla hamjafika kona ya pili. Kinga isitegemee kumbukumbu ya mtoto. Itengenezwe kwenye baiskeli yenyewe.

Kabla ya kuondoka

Jambo la kwanza ni umri. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipandishwe baiskeli, hata akiwa amefungwa mgongoni kwa leso. Shingo yake bado ni changa, na mitikiso ya njia haimfai. Tena mkianguka, yeye ndiye anayekuwa chini ya mama. Kama ni matembezi tu ya kuuona mji, mtoto huyo abaki na nyanya yake nyumbani, au mpande gari. Matembezi yatamngoja.

Jambo la pili ni kizuizi cha gurudumu. Hiki hakihitaji pesa nyingi. Chukua mtungi wa plastiki uliotoboka, ukate vipande viwili vipana, uvifunge kwa waya pande zote mbili za gurudumu la nyuma, kuanzia chini ya keria mpaka karibu na ekseli. Wavu mgumu wa madirisha nao unafaa. Hakikisha visiguse spoku na kwamba ncha za waya zimekunjwa zisimchome mtoto. Fundi wa baiskeli anaweza kukufanyia kazi hii kwa muda mfupi.

Jambo la tatu ni mahali pa kukanyaga na mahali pa kushika. Mtoto asiyekuwa na pa kuweka miguu ataiweka popote. Mwambie fundi aweke vyuma vya kukanyagia pande mbili, kwa urefu unaomfaa mtoto. Mtoto akae ametanua, mguu huku na mguu huku, na ashike kiti cha mwendeshaji. Kama kuna kiti maalumu cha mtoto chenye mkanda na ngao za miguu, hicho ndicho bora zaidi. Usimkalishe mtoto kwenye bomba la mbele bila kizuizi, kwa sababu gurudumu la mbele pia lina spoku, na mguu ukinaswa huko baiskeli husimama ghafla na nyote mwaruka mbele.

Jambo la nne ni viatu. Champali huteleza na kuanguka, na mtoto huinama kuifuata. Avae viatu vya kufunika kisigino, kama raba za shule. Viatu havitazuia kila kitu, lakini hupunguza ukali wa jeraha.

Jambo la tano linakuhusu wewe mwenyewe, mama. Ukikaa kwenye keria ukiwa umevaa leso au buibui, kusanya ncha zote uzikalie au uzifunge. Pindo la leso likishikwa na spoku au mnyororo, hukuvuta chini kabla hujapata nafasi ya kupiga kelele. Ukiwa na mtoto mgongoni, mnaanguka pamoja.

Mwisho, kagua baiskeli. Bana breki zote mbili uone zinashika. Bonyeza tairi. Tikisa keria uone nati hazijalegea. Piga kengele. Kama mnaweza kupata kofia ngumu za baiskeli, mtoto avae ya kumtosha, iliyofungwa chini ya kidevu. Kichwa kikiumia hakuna dawa ya kukirudisha kama kilivyokuwa.

(Muziki mfupi)

Matembezi na mwenyeji

Msikilizaji, tuseme sasa mmefika Malindi salama kwa matatu kutoka Garsen, mmelala, na asubuhi mnataka kuuzunguka mji. Tafuteni mwenyeji wa kuwaongoza, awe jamaa yenu au kijana mwaminifu anayejua njia. Kuongozwa si jambo la aibu. Mwaka wa 1498, Vasco da Gama wa Ureno alipofika Malindi na merikebu zake, mfalme wa Malindi alimpa rubani wa kumwonyesha njia ya bahari hadi India. Ikiwa nahodha mzima alihitaji mwenyeji, sisi ni nani?

Kabla ya kuanza, mpe mwenyeji masharti matatu. Aende mwendo wa mtoto, si mwendo wake. Asimame kila baada ya mwendo mfupi ili watoto washuke, wanyooshe miguu na kunywa maji. Na mtu mzima wa mwisho akae nyuma ya watoto wote, ili asiachwe mtu. Kila baiskeli ibebe mtoto mmoja tu. Wawili kwenye keria moja husukumana, na anayesukumwa ndiye mguu wake huingia.

Njia nzuri ni kuanzia kwenye ile nguzo ya Vasco da Gama, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na yenye msalaba juu yake, penye ncha ya mwamba unaoingia baharini. Egesheni baiskeli mbali na ukingo na mshike watoto mikono, kwa sababu chini ni mwamba na mawimbi. Kutoka hapo, mnaporudi upande wa mji, kuna kanisa dogo la Wareno lililoezekwa makuti. Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1542 padri Francis Xavier, akiwa njiani kwenda India, alitua Malindi. Mkiendelea na njia ya ufuoni mtafika kwenye msikiti wa zamani wenye makaburi ya mnara ya Waswahili wa kale, na makumbusho yaliyo katika Nyumba ya Nguzo.

Hapo waelezeni watoto jambo ambalo hawatalisahau. Mwaka wa 1415, zaidi ya miaka 80 kabla ya Vasco da Gama, wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga mbele ya mfalme wa China. Mtoto wa Tana anayewajua twiga wa kwetu atafurahi kusikia kwamba mwenzao alisafiri kwa merikebu.

Barabarani, fuateni upande wa kushoto kama vyombo vingine, mmoja nyuma ya mwingine. Mjini kuna tuktuk na pikipiki zinazosimama ghafla kuchukua abiria, basi msizifuate kwa karibu. Penye msongamano, kama karibu na soko au stendi, shukeni mkokote baiskeli. Magofu ya Gede nayo yanapendeza sana, lakini yako kama kilomita 15 kusini mwa mji, na barabara yake kuu ina magari ya kasi. Huko na watoto wadogo nendeni kwa matatu.

Na mkiamua kupanda pikipiki badala ya baiskeli, kumbukeni kwamba sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu. Mama, mtoto na shangazi juu ya pikipiki moja ni hatari kwa wote watatu na kwa mwendeshaji.

Jua na maji

Pwani yetu ina joto, na joto la mjini ni kali zaidi kwa sababu ya lami na kuta. Anzeni saa moja asubuhi, mmalize kabla ya saa nne. Jua la mchana ni la kukaa kivulini. Mtoto avae kofia ya kitambaa anaposhuka kwenye baiskeli, na nguo nyepesi.

Bebeni maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Usingoje mtoto aseme ana kiu. Mpe mafunda machache kila mnaposimama. Mtoto wa chini ya miezi sita ambaye amebaki nyumbani hahitaji maji, anahitaji maziwa ya mama pekee. Basi mama anayenyonyesha arudi mapema, au akamue maziwa ayaache katika kikombe safi chenye kifuniko.

Mtoto akilegea, midomo ikikauka, asipokojoa kwa muda mrefu, au akianza kutapika na kuumwa kichwa, simamisha matembezi. Mweke kivulini, mlegeze nguo, mpangusie maji mwilini na umpe maji ya chumvichumvi ya ORS kwa kufuata kipimo kilichoandikwa kwenye paketi. Akiwa hawezi kunywa, au akisinzia na haamki vizuri, mkimbize hospitali.

Mguu ukinaswa, fanya hivi

Mama, sehemu hii isikilize kwa makini, na ukiweza umwambie yeyote anayembeba mtoto wako.

Mtoto akipiga kelele, mwendeshaji asimame papo hapo. Asiongeze hata pedali moja. Usiuvute mguu. Usisukume baiskeli mbele. Mtu mmoja aishike baiskeli isianguke, wa pili ambebe mtoto ili uzito wake usivute mguu. Kisha gurudumu lirudishwe nyuma polepole kwa mkono, mguu ukishikiliwa. Ukikataa kutoka, zikateni spoku kwa koleo. Usiihurumie baiskeli. Fundi atatia spoku nyingine jioni, lakini mguu wa mtoto hauna duka la vipuri.

Mguu ukishatoka, kama damu inatoka kwa wingi, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachilia. Damu ikitulia, mwagia jeraha maji safi mengi ili mchanga na grisi vitoke. Kama kipande cha ngozi kinaning'inia, usikikate. Kirudishe taratibu mahali pake, kisha funika kwa kitambaa safi kisichobana. Inua mguu juu ya leso iliyokunjwa. Mtoto asiukanyage.

Usitie majivu, wala mafuta ya taa, wala dawa ya meno, wala mavi ya ng'ombe, wala unga wa betri. Vitu hivi huingiza vijidudu, pamoja na vile vya pepopunda. Usiukande mguu kwa maji ya moto, na usimwite mtu wa kuunyoosha. Huenda mfupa umevunjika ndani, na kuuvuta kutaongeza madhara.

Kisha mpeleke mtoto kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha linaonekana dogo. Mkiwa Malindi, nendeni hospitali kubwa ya serikali mjini humo. Mkiwa nyumbani, nendeni zahanati iliyo karibu au hospitali ya Ngao. Beba kijitabu cha afya ya mama na mtoto, ili mhudumu aone kama chanjo za pepopunda zimekamilika. Huenda atahitaji kupigwa picha ya mfupa.

Jeraha linalodanganya

Hapa ndipo walezi wengi hukosea. Siku ya kwanza mguu huonekana umechubuka tu. Mama husema, "Ni kidonda kidogo, kitapona." Lakini ngozi iliyosagwa huwa imekatiwa damu ndani. Siku ya pili, ya tatu au hata ya tano, ngozi ile ile iliyoonekana nzima hugeuka ya buluu, kisha nyeusi, na kufa. Chini yake uko ule mshipa wa kisigino. Ukioza huo, mtoto anaweza kuchechemea maisha yake yote.

Kwa hiyo mrudishe mtoto akaangaliwe tena baada ya siku mbili, hata kama halii. Na usingoje siku hiyo ukiona dalili hizi:

– Vidole vya mguu ni baridi, vimepauka au vimefanya ganzi.
– Maumivu yanazidi badala ya kupungua, hata baada ya dawa.
– Mguu umevimba sana au kitambaa kinabana.
– Ngozi inageuka nyeusi.
– Kuna usaha, harufu mbaya au homa.
– Taya linakakamaa au mtoto hawezi kufungua mdomo vizuri.

Ukiona hata moja, ni hospitali usiku huo huo. Usisubiri siku ya soko ili upate gari.

Tukumbushane

– Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapandi baiskeli.
– Gurudumu la nyuma liwe na kizuizi, na mtoto awe na pa kukanyaga.
– Mtoto mmoja kwa baiskeli moja, viatu vya kufunika kisigino, pindo za leso zimefungwa.
– Mwenyeji aende mwendo wa mtoto, na muwe mmemaliza kabla ya saa nne.
– Mguu ukinaswa, simama, rudisha gurudumu nyuma au kata spoku. Usivute.
– Hospitali siku hiyo hiyo, na kurudi tena baada ya siku mbili.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika kijiji chetu, ni baiskeli ngapi zinazobeba watoto, na ni ngapi zina kizuizi cha gurudumu?
2. Nani anaweza kutoa mitungi mibovu, na ni fundi gani tutakayemwomba atufundishe kuikata na kuifunga?
3. Mtoto akiumia usiku na njia ni tope, tutamfikishaje kwa mhudumu wa afya?

Mpenzi msikilizaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kizuizi cha plastiki kinachofungwa leo kwa waya kinaweza kuokoa mguu wa mtoto atakayeutumia kwa miaka sabini ijayo. Ukimaliza kusikiliza, toka nje uitazame baiskeli ya nyumbani kwako, uone mguu wa mwanao unafika wapi.



(Muziki wa kufungia)